Ile 3.4 Kwenye Stika: Kasi ya Prosesa na Mipangilio ya Umeme

(Haya niliyasema mbele ya mafundi wa kompyuta, wenye steshenari na walimu wa maabara za kompyuta mjini Morogoro. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, walimu, akina mama na akina baba wenye steshenari, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: habari za asubuhi. Nimeombwa niseme kuhusu kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na mipangilio ya umeme kwenye kompyuta ya mezani. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti, ukiona nazidisha, nikoholee.

Naanza na swali. Ni wangapi hapa wamewahi kujiwa na mteja anayelalamika kwamba kasi anayoiona kwenye kioo si ile iliyoandikwa kwenye stika? Nyoosheni mikono. Naona. Karibu wote.

Basi kuna kijana mmoja mwenye steshenari karibu na stendi. Kanunua desktopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-3570, toleo la 2012, gigahezi 3.4, yaani mapigo bilioni 3.4 kwa sekunde. Kafika nyumbani, kabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kafungua ukurasa wa utendaji, kakuta 1.6. Kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwangu na mashine begani. "Fundi, nimepigwa. Nimelipia tatu nukta nne, nimepewa moja nukta sita."

Nikamwambia kaa kwanza. Nikaiwasha, nikaanza kubana folda kubwa la picha kuwa faili moja, nikamwambia angalia ile namba. Ikaruka: 3.6, 3.7, ikatulia hapo. Nikasimamisha kazi. Ikashuka, 1.6. Nikaanza tena, ikapanda. Akaniangalia kama nimemfanyia mazingaombwe.

Je, ile mashine ilikuwa mbovu? Haikuwa mbovu. Je, muuzaji alidanganya? Safari hii hapana, na si mara nyingi mtanisikia nikiwatetea wauzaji. Ile 3.4 ni kasi ambayo kiwanda kimeahidi kwamba prosesa itaishikilia kore zake zote nne, yaani vitengo vyake vya kufanyia kazi, zikiwa kazini, ndani ya wati 77. Joto likiwa chini na kazi ikiwa imeelemea kore moja, inaruhusiwa kupanda hadi 3.8. Kazi ikikosekana, inateremka hadi 1.6. Spidomita ya daladala inaweza kuandikwa 180, lakini anayeamua mwendo wa saa hii ni foleni, mzigo na breki. Namba ya stika ni ruhusa. Narudia, ni ruhusa. Mwendo wenyewe unaamuliwa upya kila baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na hilo ndilo nililokuja kulisema leo.

Lakini mteja wetu hakuota imani yake usingizini. Alifundishwa. Sote tulifundishwa.

Nirudi nyuma kidogo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya kampuni ya Intel, 8088, iliyokwenda megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Haikupanda, haikushuka. Waandishi wa programu, hasa za michezo, walipima muda kwa kutegemea mwendo ule ule. Zilipokuja mashine za kasi zaidi, ile michezo ikaenda mbio kiasi kwamba hukuwahi hata kugusa kitufe kabla hujafa. Dawa yake ikawa kitufe mbele ya boksi, kimeandikwa Turbo. Wazee wenzangu mnakikumbuka? Jina lake linakudanganya: kazi yake hasa ilikuwa kuipunguza mashine kasi ili programu za zamani zikubali.

Halafu yakaja mashindano. Tarehe 6 Machi 2000, AMD, washindani wa Intel, walitangaza prosesa yao ya Athlon ya gigahezi 1. Siku mbili baadaye Intel wakajibu na Pentium III ya gigahezi 1. Siku mbili tu! Kuanzia hapo, matangazo yote yakawa namba. Novemba mwaka huo huo Intel wakaleta Pentium 4, ya 1.4 na 1.5. Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo namba na mwendo vilipoachana.

Pentium 4 iliundwa ili ipate namba kubwa. Kazi ya kutekeleza amri moja iligawanywa katika hatua ndogondogo 20, na kwenye toleo la 2004 hatua 31. Hatua ikiwa ndogo, unaweza kupiga mapigo mengi zaidi kwa sekunde. Lakini kila pigo likawa linafanya kazi ndogo, na prosesa ikikisia vibaya njia ya programu, inatupa kazi iliyokwisha kuingia kwenye hatua zote zile na kuanza upya. Namba kubwa, kazi haba. AMD kwa upande wao walikuwa na prosesa yenye namba ndogo iliyofanya kazi nyingi kwa kila pigo. Wakajiuliza: tutamwelezaje mteja? Wakaona hawezi kuelewa. Mwaka 2001 wakaleta Athlon XP, wakaiita 1800+, huku kasi yake halisi ikiwa gigahezi 1.53. Yaani kampuni nzima ilisalimu amri mbele ya imani ya mnunuzi, ikabandika namba ambayo si kasi kwa sababu watu hawasomi kitu kingine. Sijui niwalaumu au niwahurumie.

Mwisho wa mbio ulikuwaje? Mwaka 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 ikiwa na wati 115, joto la kupasha pasi. Intel walikuwa wameahidi 4. Oktoba 2004 wakaifuta. Mkuu wao wa wakati huo, Craig Barrett, alipanda jukwaani mjini Orlando, Marekani, akapiga goti mbele ya watu kuomba radhi kwa utani. Utani, ndiyo, lakini goti alilipiga. Na Julai 2006 kampuni hiyo hiyo ikatoa Core 2 Duo, kati yake E6600: gigahezi 2.4, wati 65. Ikaiacha mbali ile ya 3.8. Mbili nukta nne ikaipita tatu nukta nane! Mteja akikuuliza kwa nini, sasa unajua pa kuanzia.

Tuingie kwenye umeme wenyewe. Mwenye kalamu aandike. Nguvu inayoliwa na prosesa ikiwa kazini inakwenda sambamba na kasi, na inakwenda sambamba na volti zidisha volti. Mara mbili, jamani. Volti kwa volti.

Tufanye hesabu. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 3.6 kwa volti 1.2. Ishushe hadi gigahezi 3.0. Kwa mwendo huo mdogo haihitaji tena volti 1.2, tuseme inaridhika na 1.0. Kasi umepoteza asilimia 17 hivi. Nguvu je? Volti pekee imekupunguzia asilimia 30, ukiongeza na kasi iliyoshuka, jumla umepunguza asilimia 42. Umetoa kidogo, umepata kingi. Sasa igeuze hesabu: anayetaka kupanda kutoka 3.0 hadi 3.6 anaongeza asilimia 20 ya kasi, na analipa zaidi ya asilimia 70 kwenye umeme na joto. Gigahezi za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Gigahezi za mwisho ndizo ghali!

Ndiyo maana prosesa zikafundishwa kushuka zenyewe. Zilianza kompyuta za mpakato kwa ajili ya betri, mwaka 2000, kwa SpeedStep ya Intel. AMD wakaileta kwenye desktopu na Athlon 64 kwa jina la Cool'n'Quiet. Mwaka 2008 Core i7 za kwanza zikaleta Turbo Boost, yaani ruhusa ya kupanda juu ya ile namba ya stika. Na tangu prosesa za Intel za 2015, Windows inaweza kumwachia prosesa mwenyewe ajipangie, kwa sababu yeye anabadilika haraka kuliko mfumo endeshi unavyoweza kumwamuru.

Sasa tuje kwenye mipangilio, maana najua wengi mmefuata hiki.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, piga Enter. Utakuta mipango ya umeme: wa wastani, wa kubana umeme, wa kasi ya juu. Ingia mipangilio ya kina, shuka hadi sehemu ya prosesa. Kuna namba mbili, asilimia ya kasi ya chini kabisa na ya juu kabisa. Mpango wa wastani kwa kawaida ni 5 chini na 100 juu. Mpango wa kasi ya juu ni 100 chini na 100 juu. Hizo namba mbili zimenilisha, ndugu zangu.

Niliitwa shule moja ya sekondari. Mwalimu wa maabara amekata tamaa. Mashine zote nzito, wanafunzi wanafungua jedwali la hesabu huku wanapiga soga. Uongozi umeshaandika barua ya kuomba kompyuta mpya. Nikakaa kwenye mashine ya kwanza, nikafungua programu kadhaa kwa mpigo. Matumizi ya prosesa yakafika asilimia 100. Kasi imeganda kwenye 1.6. Haipandi. Stika inasema 3.2. Mashine ya pili, 1.6. Ya tatu, 1.6. Haiwezekani mashine zote ziugue ugonjwa mmoja kwa kipimo kimoja. Nikafungua mipangilio: asilimia ya juu kabisa, 50. Nusu ya 3.2 ni ngapi? Semeni. Naam.

Nani kaweka? Walikuwa na jenereta ndogo, umeme ukikatika wanahamia huko, na mtu mmoja mwenye nia njema alibana ili jenereta isilemewe. Alikuwa na akili yule, msimcheke. Alichosahau ni kurudisha, na alishahama kituo. Tulirudisha 100. Sikuuza hata waya siku ile.

Kwa hiyo mkae na kipimo hiki. Matumizi madogo na kasi ndogo: mashine imepumzika, iache. Matumizi yamejaa na kasi imeganda chini: ama mipangilio, ama joto. Matumizi madogo, kasi inapanda vizuri, lakini mashine bado nzito: prosesa haina kosa, nenda kwenye diski ya kuhifadhia mafaili au rami, kumbukumbu ya muda. Mashine nyingi za mtumba tunazoletewa ziko kwenye kundi hili la tatu. Mteja anataka prosesa mpya wakati anachohitaji ni SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka.

Na wale wa mpango wa kasi ya juu? Najua mmeangalia zile video za "fanya kompyuta yako iruke". Hebu niulize: umeiweka chini 100, kioo kiko kitupu, unasoma barua. Umepata nini? Prosesa ilikuwa inapanda yenyewe kabla hujamaliza kubonyeza. Kwa kazi ya kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu mtandaoni, hutaona tofauti kwa macho. Hata kwenye bili, kore isiyo na kazi bado inazimwa kwa muda mfupimfupi, kwa hiyo tofauti ya wati nayo si ya kutisha. Hasara ya mpango ule iko mahali ambapo hawakuonyeshi kwenye video: unazuia mashine isilale. Kwenye mpango wa wastani, desktopu isipoguswa kwa muda inalala yenyewe. Kwenye mpango wa kasi ya juu hailali, mpaka umwambie mwenyewe.

Dada mwenye steshenari, hesabu nawe. Desktopu ya kizazi kile ikiwa imewashwa bila kazi inakula wati 30 hadi 50. Tuseme 40. Umefunga duka saa kumi na mbili jioni, unafungua saa mbili asubuhi: saa 14. Mashine kumi. Hizo ni uniti 5.6 za LUKU usiku mmoja, na hakuna hata ukurasa mmoja uliochapwa. Kabla hujagusa asilimia za prosesa, gusa muda wa kulala.

Kuna ujanja mmoja naupenda. Asilimia ya juu ukiiweka 99 badala ya 100, kwenye mashine nyingi za zamani turbo inazimika. Ile i5-3570 haitavuka 3.4. Unapoteza mwendo kidogo, na kwa hesabu ya volti tuliyoifanya, unapunguza joto kuliko mwendo uliopoteza. Kwa duka lenye paa la bati, mwezi wa Januari, bila AC, nauweka bila kufikiri. Mtu wa kuhariri video asiuguse.

Joto nitalipitia haraka, maana fundi asiyejua vumbi hayupo humu. Prosesa ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni nyuzi 100 hivi, inajishusha kasi ili isiungue. Zamani haikuwa hivyo kwa zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video: wanachomoa bati la kupoozea huku mashine inafanya kazi. Pentium 4, hiyo hiyo niliyoisema vibaya sasa hivi, ilipunguza mwendo na kuendelea. Athlon iliungua, moshi ukatoka. Pentium 4 tuipe haki yake. Leo zote zinajilinda, na kwa sababu zinajilinda, mteja haoni moshi. Anaona uzito. Feni inavuma kama inataka kupaa, matumizi yamejaa, kasi imeshuka chini ya namba ya stika. Fungua, puliza vumbi kwa bloa huku umeishika feni isizunguke, futa pesti ya kupitishia joto iliyokauka, weka mpya kidogo, funga bati kwa kukaza skrubu kimshazari. Pesti si siagi ya mkate, vijana.

Nimalizie na hili la wakubwa, kwa sababu kuna watu wanadhani mbio za namba zilikufa na Pentium 4. Hazikufa. Januari 2023 Intel walitoa Core i9-13900KS, inayofika gigahezi 6.0 kutoka kiwandani. Ndugu yake wa kawaida, 13900K, ameandikwa wati 125 za msingi, lakini ana ruhusa ya kufika 253. Mnaona? Wati nazo zina ruhusa mbili. Anayenunua saplai ya umeme kwa kusoma ile ya kwanza atakuja kulia.

Baadaye watumiaji wa prosesa za kizazi cha 13 na 14 wakaanza kulalamika: michezo inakatika, programu zinaanguka bila sababu. Mwaka 2024 Intel wakaeleza kuwa prosesa zilikuwa zinapewa volti kubwa kupita kiasi, nyingine kwa sababu prosesa yenyewe iliiomba, nyingine kwa mipangilio ya bodi iliyoachiwa huru mno. Agosti wakatoa marekebisho, yale ya 0x129, yanayoingia kupitia BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine, na wakaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Lakini prosesa iliyokwisha kuumia haiponi kwa BIOS mpya. Kwa hiyo ukiletewa mashine ya vizazi hivyo, ya mezani, kabla ya kuweka Windows upya mara ya tatu, angalia tarehe ya BIOS.

Mwenyekiti amekohoa. Nimesikia.

La mwisho ni kwa wanunuzi wa zile desktopu ndogo kama kitabu, zinazofungwa nyuma ya monita. Nyingi zina herufi T mwishoni mwa jina la prosesa. Core i5-6500 ni gigahezi 3.2, inafika 3.6, wati 65. Core i5-6500T ni 2.5, inafika 3.1, wati 35. Muuzaji atakuandikia "i5 6500" na herufi ataisahau. Wa sola na jenereta ndogo, itafuteni hiyo T: inachapa, inafungua mfumo wa malipo, inarusha somo ukutani, na wati zake mnaweza kuzibeba. Wa picha za harusi na video, chukueni isiyo na T, boksi kubwa, na kabla ya kulipa mwambieni muuzaji aiwashe, aipe kazi nzito dakika kumi, nanyi mkae mnaangalia ile namba kama inabaki juu.